Kompyuta ya Songambele na Kahawa Tuliyotafuna

Kabla hamjaendelea kunivumishia kwamba nimepata bwana huko Karagwe, nimeona bora niwaandikie mambo yote yalivyokuwa, myasome mkiwa mmekaa, halafu mniache. Ni kweli kwamba tangu nirudi napokea bahasha kila basi la Karagwe likiingia. Ni kweli kwamba saa ya chakula najifungia peke yangu na kalamu. Na ni kweli kwamba juzi Koku aliponinyooshea kahawa ya kutafuna niliikataa, mimi ambaye mnanijua kwa kutafuna tangu tufungue maktaba hadi tuifunge. Mliponiuliza kompyuta iliishia wapi niliwajibu iko salama, mkacheka. Haya, safari yenyewe ndiyo hii. Habari za vibali na mihuri sitawachosha nazo, maana hizo mlizishuhudia, na wengine wenu ndio mlionichelewesha.

Bukoba hadi Kyaka

Semina mnaikumbuka. Siku tatu kwenye ukumbi wenye feni isiyozunguka, tunaelezwa na Mtaalamu kutoka Dar es Salaam kwamba dunia imegawanyika, kuna wenye kompyuta na wasio nazo, na sisi wakutubi ndio daraja. Neno daraja alilipenda sana. Alipenda pia kusema "barabara kuu ya habari", na kila alipoitaja alinyoosha mkono dirishani, kule ziwani. Wafadhili, watu ambao sijawahi kuwaona wala wao hawajaniona, walikuwa wametoa kompyuta moja. Wakatazama ramani, wakaichagulia chumba cha kusomea cha Songambele, huko ndani upande wa Kyerwa, kilichofunguliwa enzi za kisomo cha watu wazima kisha kikasahauliwa na kila aliyekifungua. Tukauliza kwa nini Songambele. Tukajibiwa kwamba huko ndiko pengo lilikopanuka zaidi. Kama Songambele kuna umeme au hakuna, fomu haikuuliza.

Kazi yangu ilikuwa kuisindikiza mashine, kuiwasha, kumfundisha mtunza chumba kwa siku mbili, na kuandika ripoti kwamba pengo limepungua. Msijifanye hamkujua kwa nini nilikubali upesi vile. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi, na ripoti nzuri ilikuwa imebakiza kidogo tu kunikalisha kwenye kile kiti.

Mkobani nilikuwa na kahawa yangu ya mwisho, na hapa nawaomba mkumbuke vizuri. Kwa muda mrefu kondakta wa basi la Karagwe alikuwa akituletea kila mwezi kifurushi cha kahawa ya kutafuna, imechemshwa na majani yake ya kunukia, imekaushwa vizuri, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Pamoja nacho huja bahasha ya vikaratasi. Kondakta ananipa daftari, natia sahihi, ile sahihi yangu ya mikia mitatu, anaondoka. Kahawa tunaimwaga mezani tunagawana. Vikaratasi vilikuwa maswali kutoka hukohuko Songambele. Ng'ombe akivimba tumbo afanyiwe nini. Mtu akiambiwa anahitaji miwani, je, anaweza kuvaa ya marehemu baba yake. Hilo la miwani tulilicheka mpaka Koku akashika meza asianguke. Hayakuandikwa kwenye fomu ya maulizo, waulizaji hawakuwa wanachama, kwa hiyo niliyatupia kwenye boksi la Mengineyo chini ya kaunta, na boksi likawa linajaa. Halafu msimu uliopita vifurushi vikaanza kuwa vidogo, mwisho bahasha ikawa inakuja yenyewe, bila kahawa. Nilisema mbele yenu kwamba Wanyambo, hao watu wa Karagwe, wameanza uchoyo, nanyi mkaniitikia.

Basi tukaondoka, watu watatu kwenye pikapu ya milango minne. Dereva Projesti, kijana wa Kanyigo asiyefunga mdomo. Mtaalamu kiti cha mbele, viatu vyeupe. Na mimi nyuma, nimekumbatia kioo cha kompyuta kilichofungwa blanketi. Pale darajani Kyaka kulikuwa na kizuizi. Mgambo akachungulia, akanyanyua blanketi kwa kidole.

"Televisheni hiyo?"

"Siyo televisheni, mzee," Mtaalamu akamjibu kwa ile sauti ya semina. "Humu mna habari zote za dunia. Ukiuliza kitu chochote, inakujibu."

Mgambo akafikiri kidogo. "Basi iulize kama kule mbele panapitika. Lori la ndizi limelala tangu jana, na mimi toka asubuhi sijapata mtu wa kuniambia kama limetoka."

Mtaalamu akaeleza kwamba lazima kwanza ichomekwe kwenye umeme. Mgambo akarudisha blanketi vizuri, akatufungulia, akatutakia safari njema.

Kyaka hadi Kayanga

Lori lilikuwa halijatoka. Lilikuwa limelala ubavu katikati ya mlima, nyuma yake magari, watu, mbuzi, na mvua ya Novemba ikishuka bila haraka. Tulikaa hapo tangu saa nne asubuhi hadi jua linakwenda chini. Hiyo ndiyo barabara kuu ya habari, nikamwambia Mtaalamu. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo na kuendelea kufuta kiatu.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Mama mmoja wa nyumba ya jirani, alipoona tumekwama na hatuna dalili ya kupika, alituletea ungo wa senene waliokaangwa na ndizi za kuchemsha zenye maharage, akasema tule kwanza mambo mengine baadaye. Hakutuuliza sisi ni nani. Mtaalamu alitazama senene, akafungua biskuti zake. Yule mama akamtazama kwa huruma, akaniuliza pembeni kama mwenzetu ana vidonda vya tumbo. Nikamwambia ndiyo, sugu. Akaenda kumpikia uji, na Mtaalamu, kwa kukosa pa kuuficha uso, akaunywa wote bila sukari. Mimi na Projesti hatukuwa na mbavu.

Kosa lilikuwa la Projesti. Vijana waliokuwa wakivuta lori waliuliza kile kilichofungwa blanketi ni nini, naye kwa ule mdomo wake akawaambia ni runinga ya mradi, na wakitusukuma vizuri tutawaonyesha mpira siku ya kurudi. Walitusukuma kwa moyo wote. Kila mmoja akataja timu yake. Nilinyamaza, kwa kuwa nilitaka kufika, na uongo wa mtu mwingine hauna uzito unapokusukuma mlimani.

Tulilala Kayanga. Asubuhi Mtaalamu akatangaza kwamba yeye ataratibu zoezi akiwa hapohapo nyumba ya wageni, kwani mradi unahitaji mtu wa katikati. Viatu vilikuwa vimeanikwa dirishani. Alinikabidhi sidii moja inayong'aa, akasema ndani yake mna ensaiklopidia nzima, na akanisihi nisiiguse kwa vidole. Hapo ndipo daraja letu lilipoishia.

Kayanga hadi Songambele

Kiti cha Mtaalamu hakikukaa bure. Pale penye maduka mama mmoja mzee alimsimamisha Projesti, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi fimbo tu na kikapu. Alikuwa anarudi Songambele.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mnakwenda kwa Ta Kajuna, mtunza chumba? Tumeambiwa."

Jina lake Ma Leonida. Wazazi wake walitoka Burundi kuja kuchuma kahawa ya watu, yeye akazaliwa Ihembe, akaolewa Songambele, akafiwa na mumewe, akabaki na kibanja, shamba la kahawa na migomba, na wajukuu watatu. Haya yote nilijua kabla hatujamaliza mteremko wa kwanza. Alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma nami, akachukua kile kioo akakipakata, akasema mikono yangu imechoka na yake haina kazi.

Nikamuuliza Kayanga alifuata nini.

"Bwana shamba. Sikumkuta. Kaenda semina Bukoba."

"Semina ya nini?"

"Ya kutufikia sisi," alisema, wala hakutania.

Mibuni yake ilikuwa inakauka. Alinieleza polepole, akichanganya Kiswahili na Kinyambo, na pale alipoona sifuati alirudia. Mbuni unaanza kunyauka upande mmoja. Majani yanakuwa ya njano, yanaanguka. Upande wa pili unafuata, na mti unakufa umesimama, kahawa ikiwa bado imeng'ang'ania matawini, nyeusi. Yeye kila akiona tawi limekauka hulikata kwa panga, anahamia mti unaofuata, na matawi anayaburuta kupita shambani kwenda kupikia. Kibanja kilikuwa kimebakiza safu za upande wa migomba tu. Shemeji zake walimwambia ang'oe zote apande maharage. Aliogopa.

"Nikizing'oa na kumbe zingepona, nimeiua kahawa ya mume wangu kwa mikono yangu. Nikiziacha na kumbe ni ugonjwa, zinakwisha hizi zilizobaki. Na ada ya watoto iko humohumo. Sitaki mtu anionee huruma. Nataka aniambie moja: ning'oe au nikate matawi."

"Na hakuna mtu wa kumuuliza?"

"Nimeshauliza. Nililiandikisha swali langu kwa Ta Kajuna, likapelekwa maktaba Bukoba."

Nadhani hapo ndipo iliponipasa niseme kitu. Badala yake niliingiza mkono mkobani. Ndiyo dawa yangu nikikosa la kusema. Nilitoa kahawa, nikajitupia mbili mdomoni, nikampa na yeye. Aliipokea kwa mikono miwili, akatafuna kwa muda akitazama nje, migomba ikipita.

"Hii imepikwa na mtu anayejua," akasema. "Umeipata wapi?"

"Huwa naletewa."

"Anayekuletea anakuheshimu sana."

Nikavimba kichwa. Nilijibu kwamba ndivyo watu wanavyotuthamini sisi wa maktaba. Projesti akanitazama kwenye kioo cha gari, kwa mara ya kwanza tangu Bukoba amenyamaza.

Njia ya Nkwenda ilitutesa lakini haikutukwamisha. Mara mbili Ma Leonida alishuka na fimbo yake kupima kina cha dimbwi, akatuonyesha pa kupita. Kioo alishuka nacho.

Songambele

Nilikuwa nimeshaandaa dharau yangu mapema, na chumba hakikuniangusha. Matofali mabichi, bati lililoshika kutu, rafu mbili. Kitabu cha kufuga nyuki, vitabu vya kisomo vilivyoliwa pembe, ramani ya Afrika yenye nchi zenye majina ya zamani. Kwenye benchi nje walikuwa wamejaa watu, nguo za Jumapili siku ya kazi. Nikadhani ni mapokezi ya kompyuta. Nikanyoosha kitenge nikajiandaa kuhutubia.

Ta Kajuna alikuwa mwalimu wa kisomo zamani. Mwembamba, shati limepigwa pasi ya mkaa hadi kola inakata. Kwa kazi ya kutunza chumba halipwi na hajawahi kulipwa. Alinisalimu kwa heshima iliyonitia aibu kidogo, akawageukia watu.

"Huyu ndiye dada wa Bukoba," akawaambia. "Majibu yamefika."

Sikuelewa. Akanielewesha, akifikiri kwamba najua ila napenda kusikia. Kila Alhamisi, siku ya gulio, watu huja na maswali. Asiyejua kuandika humtajia yeye. Swali huingizwa kwenye daftari, mtu hupewa nafasi yake, na kikaratasi husafiri na basi. Siku ile walikuwa wameketi kwa kufuata daftari, wa kwanza kuuliza akiwa wa kwanza kwenye benchi. Wengine walitembea tangu alfajiri. Mzee wa mbele alikuwa amevaa miwani kubwa ya fremu nyeusi, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi, na alinitazama kwa kuinua kidevu, akinitafuta nilipo.

"Na kahawa?" nikauliza.

"Kila muulizaji alileta kiganja chake," Ta Kajuna akasema. "Huwezi kumwuliza mtu jambo ukiwa mikono mitupu. Ninyi Wahaya mnajua hayo kuliko sisi."

Najua. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mgeni hakuulizwa shida yake kabla hajapokea kahawa mkononi. Shahada ya ukutubi ilikuwa imenifundisha fomu, na mimi nshomile, msomi wa kujidai, nikaamini kwamba kisichokuwa na fomu hakijaulizwa.

Nikafanya ambacho ningefanya mbele yenu: nikajikausha. Nikasema tuwashe mashine. Jenereta ya kanisa, ile ya vipaza sauti vya Jumapili, ilikuwa imeshaletwa. Projesti akaunganisha nyaya, ikanguruma, kioo kikawaka rangi ya bluu, na benchi zima likasogea. Nikaingiza sidii. Ta Kajuna akafungua daftari akasema tuanze na Ma Leonida, kwa kuwa la kwake haliwezi kusubiri. Nikaandika kahawa. Mashine haikujua kahawa ni nini. Nikaandika kwa Kiingereza. Ikafikiri, ikafikiri, kisha ikatoa picha: kikombe cheupe juu ya meza ya marumaru, na mwanamke wa Kizungu anacheka peke yake. Chini yake maneno. Niliyasoma kimya. Kahawa ni kinywaji kinachopendwa. Hulimwa katika nchi za joto.

"Inasemaje?" Ma Leonida akauliza. Alikuwa amesimama karibu yangu, mikono ameikunja tumboni.

"Inasema ni kinywaji."

Aliinama akaitazama picha kwa makini, asije akaidharau bure. "Ni kahawa kweli," akasema.

Jenereta ikakata, mafuta yamekwisha. Hakuna aliyeguna. Walirudi kukaa, wakanitazama mimi, na hapo nikatambua kwamba mashine hawakuwa wameingoja hata kidogo. Walikuwa wananingoja mimi.

"Labda," nikasema, "labda zile bahasha zilipotelea njiani. Mnajua mabasi."

Ta Kajuna hakubisha. Aliingia ndani akatoka na daftari jingine, dogo, lenye jalada la bluu, akalifungua, akaligeuza upande wangu, akaliweka juu ya kibodi. Nililitambua. Ndilo lile la kondakta, kumbe lilikuwa likirudi huku. Ukurasa mzima, kutoka juu mpaka chini, na wa pili, na wa tatu: imepokelewa, imepokelewa, imepokelewa, na mbele ya kila neno hilo ile sahihi yangu ya mikia mitatu, mizuri, ya mtu asiye na haraka. Siku zote nilidhani natia sahihi ya kahawa.

Laiti angenitukana. Nilitafuta uongo mwingine na sikuupata, basi nikasema kweli, nimesimama, kwa Kiswahili cha kawaida wote wasikie. Nilisema karatasi zilifika zote. Nilisema nimeziweka kwenye boksi chini ya kaunta. Nilisema hatukujibu hata moja. Sikusema kwamba tulicheka. Nilikuwa nimeishiwa ujasiri.

Ma Leonida akauliza, na sauti yake haikupanda.

"Na kahawa yetu je?"

"Tuliila, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo ile ya garini," akasema. "Nilijua mkono wangu. Nikasema basi wamefika, basi wanakuja na jibu, ndiyo maana anaila bila wasiwasi." Alikaa benchi. "Mwaka huu sikuleta. Haikuwepo ya kuleta."

Wachoyo, nilikuwa nimewaita.

Lakini lililonikata maini zaidi ni jingine. Palepale nilikumbuka kwamba jibu lake tunalo. Kuna kijitabu cha wataalamu wa kahawa, chembamba, cha Kiswahili, kilichokuja maktaba kuhusu mnyauko. Nilikipokea mwenyewe, nikakipiga muhuri, nikakipa namba. Namba naikumbuka hadi leo, na rafu yake, na kwamba kiko mkono wa kushoto ukiingia. Kilichoandikwa ndani sikukijua. Nilisimama mbele ya yule mama na kichwa kimejaa namba.

Nikamwambia nakwenda kukileta.

"Lini?" akauliza.

"Kesho alfajiri naondoka. Kikaratasi cha jibu kitarudi na basi la kwanza."

"Basi nisikate matawi mpaka kije?"

"Sijui, mama," nikasema, na hilo ndilo jibu la kwanza la kweli maktaba yetu iliwahi kumpa.

Walinilisha jioni ile. Ndizi, samaki mkavu, maziwa mtindi. Hakuna aliyeninyima kitu wala aliyeninunia. Kahawa haikuletwa, na mwenye nyumba aliomba radhi kwa hilo. Kompyuta Ta Kajuna aliifunika kitambaa alichofuma mkewe, akauliza kama boksi la karatasi ngumu lililokuja nayo lina kazi. Nikamwambia halina. Akafurahi, maana panya walikuwa wameanza daftari la maswali.

Songambele hadi Bukoba

Siku mbili za mafunzo sikuzifanya. Mtaalamu nilimkuta Kayanga anaandika ripoti yake. Aliniuliza imewaka? Nikasema iliwaka. Akaandika. Nikaanza kumweleza mengine, akanyanyua kiganja, akasema hayo ni changamoto, yatakaa kwenye kiambatisho. Alirudi na sisi, na pale mlimani wale vijana walikuwa wametusubiri, wamepanga mawe ya kukalia wapate kutazama mpira. Projesti alitaka kupita kasi. Nilimwambia asimame, ashuke, awaambie mwenyewe. Alishuka. Alikaa huko robo saa, akarudi masikio yamemwiva, na kwa maili nyingi tulisafiri kwa raha.

Bukoba sikupita nyumbani. Nilikwenda maktaba moja kwa moja, na ninyi mliniona nikiingia na matope hadi magotini mkauliza kama nimefukuzwa na mke wa mtu. Nilivuta boksi la Mengineyo, nikalimwaga sakafuni. Kikaratasi cha Ma Leonida kilikuwa karibu na chini kabisa. Mwandiko wa Ta Kajuna, safi: "Leonida anauliza. Mbuni unanyauka upande mmoja. Ni safu ya kwanza tu. Ang'oe au akate matawi?"

Safu ya kwanza tu.

Kijitabu kilikuwa mahali pake, mkono wa kushoto, hakijawahi kuazimwa. Ukurasa wa tatu unasema usikate matawi kwa panga, panga linahamisha ugonjwa toka mti hadi mti. Ng'oa mti na mizizi yake. Choma palepale uliposimama. Usiburute kuni kupita shambani. Nilisoma mara mbili nikiwa nimekaa chini sakafuni, nikiona lile panga linavyokwenda mti hadi mti huku kikaratasi kimelala miguuni pangu, nami natafuna. Nilinakili ukurasa wote kwa mkono nikakimbia stendi. Kondakta aliponipa bahasha zake nitie sahihi, nilimpa yangu, nikamwomba safari hii yeye ndiye atie.

Ripoti yangu haijaandikwa, na kile kiti mpeni anayekitaka.

Jana basi lilileta bahasha. Nanakili ilivyo: "Swali la Leonida limejibiwa. Ameng'oa zote, hata zile zilizokuwa bado na majani mabichi, kwa sababu ugonjwa ulishaingia. Amechomea palepale, tulikwenda kumsaidia. Anashukuru maktaba. Anaomba radhi kwamba safari hii hakuna kahawa ya kuambatanisha. Anauliza, pale apande nini."

Hilo ni langu, na nimeshavuta vitabu viwili. Yaliyobaki nimeyapanga juu ya meza kubwa kwa kufuata daftari la Ta Kajuna, na kila aliyetafuna atachukua fungu lake kabla hajaniuliza tena habari za bwana. Lile la miwani nimekuwekea wewe, Koku. Mwenyewe bado anaivaa ya baba yake, na bado haoni.